Aliyeomba Kutolewa Nje

Habari ilifika wakati wa chai ya saa nne, Nduta akiwa amekunja uso mbele ya simu ya Lynn, akisikiliza nzi.

Walikuwa nzi wa ndani ya gemu. Lynn, msichana wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja mjini Nyeri, alikuwa ametengeneza gemu fupi ya hadithi kuhusu magonjwa yaliyowahi kufagia watu wa milima hii. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mutung'u, yaani ndui, enzi za ile njaa kuu. Ya pili ilikuwa ya kimiri, homa iliyorudi na wapagazi baada ya vita vya kwanza vya Wazungu. Ya mwisho ilikuwa ya korona, ambayo haikuhitaji kuelezwa na mtu. Mchezaji alikuwa mtoto wa nyumba. Kwa kidole chake alichochea moto, akachota maji, akampangusa mgonjwa usaha, na mwishowe akambeba nje, kwa sababu watu wa zamani hawakuacha mtu afie ndani ya nyumba. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee wa kuchorwa, amelala juu ya ngozi ya mbuzi, mwili mzima malengelenge. Sauti yake ilikuwa ya Gathogo, kaka yake Nduta na babu yake Lynn.

"Nitoeni nje," Gathogo alisema kutoka kwenye simu, kwa besi ile ile iliyosoma masomo kanisani kila Jumapili.

"Sasa hapa unamgusa begani, Cucu," Lynn akasema. Alimwita bibi, maana dada ya babu ni bibi. "Ukimgusa, unambeba."

"Mimi simgusi huyo."

"Ni Guka tu," Lynn akasema; ndivyo alivyomwita babu yake.

"Ndiyo simgusi. Mtu anatoka usaha hivyo. Toa hiyo kitu kwa meza, niko na mkate hapa."

Lynn alicheka. Kabla hajaichukua, simu ikalia pale mezani mbele ya Nduta, na picha ya mzee ikafunikwa na jina la Shiro, mama yake Lynn, aliyekuwa amelala mjini Nyeri ili awe karibu na Gathogo, aliyekuwa amelazwa hospitalini huko. Nduta hakujua mahali pa kubonyeza. Lynn alipokea, akasikiliza, akampa Nduta simu.

"Tata," Shiro akasema. Ndivyo alivyomwita shangazi yake tangu utotoni. "Baba amepumzika."

Nduta aliuliza saa ngapi. Aliuliza kama madaktari wana hakika. Shiro akajibu yote mawili, akasema atapiga tena, akakata. Mle jikoni kulibaki sauti ya sufuria ikichemka, na ndipo simu, yenyewe bila kuguswa, ikarudi kwenye gemu.

"Mbona mmesimama?" Gathogo akauliza. "Nitoeni nje."

Nduta aliisukuma simu kwa kiganja, ikaangukia karai la maganda ya viazi. Akatoka mbio akishika ukuta, na kando ya zizi la ng'ombe akatapika chai yote aliyokuwa amekunywa.

Gathogo alizaliwa wakati watu wa kwao Kiriaini walikuwa wamefungiwa katika vijiji vya hali ya hatari, enzi za Mau Mau, na kwa sababu hiyo alisema yeye ni mtu wa mtaro, kwani kitu cha kwanza alichokumbuka maishani ni mtaro uliokizunguka kijiji chao. Alisoma mpaka kidato cha pili. Karo ilipokatika akaenda kuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai, na huko alibaki mpaka alipostaafu. Alipima majani ya mama za wanakijiji, kisha ya wake zao, kisha ya mabinti zao. Hakuhitaji kipaza sauti. Akiita jina la mkulima pale kwenye mizani, mwenye jina alisikia akiwa bado njiani na kikapu mgongoni, akakaza mwendo. Na majani yakiletwa yametota mvua ili yawe mazito, Gathogo aliyainua kwa vidole viwili mbele ya foleni nzima, akauliza, "Mama, umeniletea majani ama umeniletea mto?"

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi. Nduta, aliyeongoza kina mama katika kanisa lilo hilo, alijivunia kaka yake kwa namna ambayo hakumwonyesha, kwa kuwa angemtania. Mke wa Gathogo, Monicah, alikufa miaka ile ya korona. Akazikwa haraka na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, huku mumewe akizuiwa kule kwenye migomba. Tangu siku hiyo Gathogo hakuwahi kulisimulia jambo hilo. Lakini Lynn alipokuja na kazi yake ya chuo, akimuuliza babu yake watu wa zamani walifanyaje magonjwa yakiingia, Gathogo alifunguka kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Alisimulia yote aliyosikia kwa nyanya yake. Kisha akasema hiyo sauti ya mgonjwa ataitoa mwenyewe.

Walirekodi katika stoo ya mahindi, chini ya mablanketi, ili kondoo wasisikike. Siku moja Nduta alipita akakuta mzee wa kanisa amejifunika blanketi kichwani, anagugumia.

"Unafanya nini humo?"

"Ninakufa kidogo," Gathogo akajibu kutoka chini ya blanketi. "Nikimaliza nitakuja kula."

Nduta hakucheka siku ile.

Kesho yake yeye na Shiro walienda hospitalini kuchukua vitu vya marehemu. Wodi ilinuka dawa ya kuoshea sakafu na kabichi iliyochemshwa mpaka ikafa. Juu ya kitanda kilichokuwa cha Gathogo tayari kulikuwa na mtu mwingine. Wakapewa mfuko wa plastiki: pajama, Biblia, redio ndogo, na meno yake ya bandia ndani ya kikombe, bado yana chembe za ugali. Nduta aliangalia zile chembe, akafunga mfuko.

Nesi aliyekuwa zamuni siku ya kifo aliitwa Selpha, mwanamke mnene mpole kutoka upande wa Kakamega. Aliwapa pole kwa mikono miwili.

"Mzee wenu alikuwa mtu wa maneno," alisema. "Kila asubuhi ananiuliza kama nimepima uzito wangu. Ati yeye ni karani, anajua."

Shiro akatabasamu. Nduta akauliza alichotaka kuuliza tangu jana. "Aliomba? Kabla ya kwenda, aliomba?"

Selpha alifikiri kwanza, na Nduta akampenda kwa hilo. "Kuomba sikusikia, mama. Aliniambia, sista, nitoe nje. Mimi nikajua anataka jua, maana kulikuwa na jua zuri. Nikasukuma kitanda mpaka verandani. Akasema asante. Akasema nirudi ndani nifanye kazi. Niliporudi kumwangalia alikuwa ameenda."

"Alisema nini?"

"Asante."

"Kabla ya hapo."

"Nitoe nje."

Selpha aliwaonyesha mahali penyewe, kwa kuwa walitaka kupaona. Ilikuwa kona ya veranda, kati ya ndoo za kudekia na magunia ya shuka chafu yanayongoja kwenda kufuliwa. Shuka moja ilikuwa imetokeza nje ya gunia, na juu yake palikuwa na nzi wa kweli. Shiro alilia pale. Nduta hakulia. Alikuwa ameziba pua kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na moyoni alikuwa akisikia kitu kibaya kuliko huzuni.

Njia nzima ya kurudi Kiriaini alikuwa akikumbuka mafundisho ya nyumbani kwao. Wazazi wao walikuwa miongoni mwa waliookoka mapema katika kijiji kile, na mambo waliyoyaacha waliyahesabu kuwa uchafu. La kwanza lilikuwa hilo: kumtoa mtu nje akiwa bado anapumua, kumwashia moto mdogo, kumwacha kichakani na fisi, eti nyumba isiingiwe na unajisi wa maiti. Mchungaji mmoja wa zamani alikuwa akisema mimbarini kwamba palipo na Kristo, mtu hufia kitandani mwake. Nduta alikuwa mtoto alipolisikia neno hilo na akalishika. Sasa kaka yake, mzee wa kanisa, besi ya kwaya, katika saa yake ya mwisho hakuita jina la Bwana. Aliomba atolewe nje kama mgonjwa wa mutung'u. Je, alikufa mikononi mwa Mungu, au alikufa mikononi mwa ile gemu?

Lynn alikuwa akipanga viti uani waliporudi. Nduta akamwita nyuma ya nyumba.

"Hayo maneno uliyaweka kwa kichwa yake."

"Maneno gani, Cucu?"

Nduta akamweleza, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni kama mtu anayesimulia jambo la aibu. Lynn akashika mdomo.

"Mtu anakufa mara moja," Nduta akasema. "Hivyo ndivyo Mungu alipanga. Wewe umemfanya afe kila mtu akibonyeza. Anakufa asubuhi, anakufa jioni, anakufa kwa mfuko ya watu. Hiyo sauti itoke. Kabla hatujamweka kwa udongo, iwe imetoka."

"Nikiitoa hakuna gemu. Sauti ndiyo gemu yenyewe."

"Basi kusiwe na gemu."

Lynn hakubishana. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, akasema ataifuta. "Lakini wacha niisikie mara ya mwisho kwanza. Nikiwa peke yangu. Siku ya mazishi utapata nimeifuta."

Nduta alikubali, na akajiona mkatili, na hata hivyo hakulegeza.

Siku za maombi zikafuata. Kila alasiri watu walikusanyika chini ya hema nyumbani kwa Gathogo, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, na kamati ya mazishi ikakaa pembeni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Kinuthia, jirani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kusimama katikati ya picha. Alikuwa ameshaagiza fulana zenye uso wa Gathogo. Uso ulikuwa umevutwa mpaka mashavu yakawa mapana, na chini yake maandishi ya dhahabu. Alikuwa amevaa moja, na tumbo lake lilimfanya Gathogo aonekane amevimba.

"Mama Nduta, haya yatakuwa mazishi ya kisasa," alimwambia. "Nimesikia mzee aliacha gemu. Tutaleta skrini kubwa. Wakati wa historia ya marehemu, watu wanamwona akicheza hiyo sehemu yake. Kiriaini haijawahi kuona kitu kama hiyo."

"Unajua kilicho ndani?"

"Najua. Vijana wamenionyesha. Inachekesha."

Inachekesha. Nduta aligeuka akaenda jikoni, na huko akakuta hayo hayo. Vijana wa ukoo, waliokuja kupasua kuni, walikuwa wameshapata gemu kwenye simu zao tangu siku nyingi, Lynn akiwa amewagawia waijaribu. Mmoja wao alikuwa amefukuzwa na wanawake kwa kudokoa nyama sufuriani.

"Wee toka hapa," mwanamke mmoja akamwambia.

"Nitoeni nje," kijana akajibu kwa besi ya kuigiza, akijilegeza mabega kama mgonjwa. "Nitoeni nje mapema."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Hata wanawake wawili watatu walicheka, wakaziba midomo walipomwona Nduta mlangoni. Yeye alimwaga chini chai aliyokuwa ameshika, akaweka kikombe kwenye rundo la vyombo, akatoka. Nyuma yake alimsikia kijana akisema pole, Cucu, na akasikia mwingine akijizuia kucheka puani.

Alasiri ya kabla ya mazishi alikuja mgeni asiyejulikana, mrefu, mguu mmoja umefungwa bendeji mpaka gotini, akitembea kwa magongo. Alijitambulisha kuwa Mbuvi, askari polisi wa kituo kimoja huko Othaya, mtu wa Machakos.

"Mimi ndiye nilikuwa kitanda ya jirani," alisema. "Nilitolewa jana. Nikasema siwezi kwenda nyumbani kabla sijafika kwa Mzee wa Mizani, ndiyo tulimwita hivyo wodini."

Akapewa kiti na sahani ya wali na kuku. Nduta alikaa karibu naye, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kulala chumba kimoja na kaka yake, na mara akajuta. Mbuvi alikula mdomo wazi. Alifyonza mifupa kwa kelele, akatafuna mishipa, akapitisha ulimi juu ya vidole, na chembe za wali zikabaki kwenye masharubu zikipanda na kushuka alipozungumza. Nduta alitazama paa la hema.

"Unaona vile ninakula?" Mbuvi akauliza.

"Naona."

"Mzee wako pia aliona. Siku ya kwanza aliniambia, afisa, nimepima majani ya chai miaka yote, nimeona ng'ombe wakiingia shambani, lakini mtu wa kula kama wewe sijaona." Akacheka peke yake. Halafu akaweka mfupa chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nilikuja kukwambia mambo ya ile siku. Sijui kama sista aliwaambia."

"Alituambia aliomba kutolewa nje."

"Hakuwaambia kwa nini?"

"Alidhani anataka jua."

"Sista hakuwa karibu wakati tulikuwa tunaongea," Mbuvi akasema. "Ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa nimefunga bila kula karibu siku mbili, sijui tatu, juu ya huu mguu, nilikuwa nangoja kufanyiwa opareshani. Wakamaliza. Siku hiyo ndiyo nimeletewa chakula ya kwanza. Githeri ya jana usiku, mahindi na maharagwe, imepashwa moto. Nikaanza. Mzee akaanza kupumua vibaya, ile sauti ya maji kwa kifua. Mimi nikaacha kijiko. Mama, mimi ni polisi, nimeona watu wakienda, lakini siwezi kula mtu akienda hapo. Naogopa, na nasikia vibaya kwa tumbo. Akanigeukia. Akaniuliza, afisa, mbona umeacha kula? Nikasema nimeshiba. Akasema, wewe hujawahi kushiba tangu nikujue."

Nduta aliacha kutazama paa.

"Ndiyo akaita sista. Akamwambia nitoe nje. Akiwa mlangoni akanipungia vidole hivi, akaniambia, sasa kula."

"Ukakula?"

"Nilikula. Ningefanya nini? Aliniambia nikule." Macho ya Mbuvi yalikuwa yamejaa maji, na wali bado uko kwenye masharubu. "Nilimaliza yote. Sista akarudi akaniambia ameenda."

Watu walikuwa wakianza wimbo mwingine upande wa pili wa hema. Nduta aliuliza kwa shida, "Kuomba? Hukumsikia akiomba?"

"Kila jioni alituombea wodi mzima, mpaka wale Waislamu wawili. Hiyo siku sijui. Alikuwa nje." Akachukua tena mfupa. "Lakini mtu kama huyo anahitaji kuomba ya nini tena? Si alikuwa amemaliza."

Nduta aliinuka, akamtafuta Lynn, akamkuta katika stoo ya mahindi, ameketi juu ya gunia, kompyuta kwenye mapaja.

"Umeifuta?"

"Nilikuwa ndiyo nataka kuanza."

"Nionyeshe kwanza. Yote, mpaka mwisho."

Lynn alimtazama, akasogea, akampa nafasi kwenye gunia. Nzi wakaanza. Nduta akakaza meno. Kwenye kioo cha kompyuta malengelenge yalikuwa makubwa kuliko kwenye simu, na alipompangusa mzee, kitambaa kilitoa sauti ya kitu laini kinachofyonzwa.

"Hiyo ni nini?"

"Avokado. Guka alikuwa anaifinya kwa mkono, karibu na simu. Nzi pia ni yeye, alikuwa anavumisha ndani ya kikombe."

"Mzee mzima."

"Alisema nzi wangu walikuwa wa uongo."

Wakaendelea. Mtoto wa nyumba akachota maji, akachochea moto. Wadogo zake walikuwa wamejikunyata upande wa pili, wameshika vibuyu vya uji, hawanywi. Siku ile ya kwanza Nduta hakuwaona, kwa kuwa alikuwa akimtazama mgonjwa na kumkwepa. Mzee akageuza kichwa.

"Nitoeni nje," akasema Gathogo. "Mbona mmesimama? Nitoeni nje mapema. Hawa watoto hawataonja uji wao mimi nikiwa nanuka hapa."

Nduta alinyoosha mkono akasimamisha mkono wa Lynn. "Hayo maneno ya uji. Uliyaandika wewe?"

"Hapana. Mimi niliandika, nitoeni nje, nisiwaambukize. Guka akasema hiyo ni maneno ya daktari. Akasema mtu akifa hafikirii vijidudu, anafikiria nani atakula. Akasema mimi niandike ya Wazungu, yeye ataongea ya nyumbani."

"Lini?"

"Mwaka jana. Kabla hajagonjeka."

Nduta aliachilia mkono wa Lynn. Alikuwa ameamini kwamba gemu ilimwingia kaka yake ikamfundisha kufa vibaya. Kumbe ni yeye aliyekuwa ameiingia, na kile alichokisema chini ya blanketi akakifanya pale wodini alipofikiwa na saa yake, bila kuigiza. Na juu ya wale wa zamani alijiuliza jambo ambalo mimbari haikuwahi kumwambia: huenda si wote waliotupwa. Huenda wengine waliomba wenyewe. Bwana naye alifia nje ya mji, na hakuna aliyesema huo ni ushenzi. Hakuendelea na wazo hilo mbali zaidi, aliogopa, lakini lile lililokuwa likimkaba tangu veranda ya hospitali lilimwachilia.

"Mguse," alimwambia Lynn.

"Wewe mguse, Cucu."

Nduta akajipangusa kidole kwenye leso, kana kwamba ni yeye atakayemchafua mzee, akamgusa begani. Mtoto wa kuchorwa akambeba mgonjwa nje. Moto ukawashwa. Ndani ya nyumba, wale wadogo wakainua vibuyu wakanywa. Kisha giza, na sauti ya fisi, ambayo Nduta hakuuliza ni ya nani.

"Usiifute," akasema. "Ipeleke huko chuo yako. Lakini mimi usiniite tena kuitazama. Hiyo usaha ni kitu kibaya. Sitakula avokado mpaka Mungu anisaidie."

"Na kesho? Kinuthia ameleta skrini."

"Kesho niachie."

Asubuhi walimtoa Gathogo mochari, wakamvika suti ya kahawia aliyokuwa akiivaa siku za meza ya Bwana. Nduta mwenyewe aliosha yale meno ya bandia kwa maji moto na chumvi, akayasugua mpaka chembe zote zikatoka, akampa mhudumu amtie. Jeneza lilipofika nyumbani lilifunguliwa, na watu wakapita. Uso ulikuwa umepakwa kitu cha kung'arisha ambacho Nduta hakukipenda. Alitoa leso akakipangusa kwenye paji la uso. Mhudumu aliyekuja na jeneza alitaka kumzuia, akaacha.

Ibada ilianza. Skrini ilikuwa imesimamishwa kando ya hema, na Kinuthia, ndani ya fulana yake, alisimama kutangaza kwamba sasa wataona jambo la ajabu ambalo marehemu aliliacha. Vijana walitoa simu. Nduta akatembea mpaka mbele, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti, na Kinuthia akampa kwa kuwa watu wote walikuwa wakitazama.

"Hiyo haitachezwa hapa," Nduta akasema. "Mwenye kutaka kuiona aende kwa Lynn, aiangalie mpaka mwisho, si kipande cha kuchekea. Leo hapa kuna mtu mmoja, na amekufa mara moja. Kaa chini, Kinuthia."

Hakuna aliyecheka. Kinuthia akakaa. Shiro akasoma historia ya baba yake: mtaro, kidato cha pili, mizani, Monicah, kwaya. Aliposoma ile ya majani na mto, wakulima wa zamani walicheka wakilia. Aliposoma jinsi alivyoomba kutolewa wodini ili mtu mwingine ale, Mbuvi, aliyekaa safu ya nyuma na magongo yake, aliinamisha kichwa.

Wakambeba mpaka juu ya shamba, penye mstari wa mwisho wa majani chai, kando ya kaburi la Monicah. Wanakwaya waliimba bila besi, na pengo lilisikika. Mchungaji akasoma, akasema maneno ya udongo kwa udongo. Jeneza likateremshwa kwa kamba, likagonga upande mmoja, likanyooshwa, likafika chini. Shiro alitupa udongo wa kwanza, kisha Nduta, kisha Lynn. Vijana wakapokezana majembe, na yule kijana wa jikoni alifukia kuliko wote, hakuacha jembe mpaka shati likamganda mgongoni. Kaburi likajaa, likapigwapigwa, msalaba wa mbao ukasimamishwa. Nduta aliweka shada lake upande wa kichwa. Mchungaji akafunga kwa sala, watu wakajibu amina, wakanawa mikono, wakateremka kwenda kula.